Wanaomngoja Mtoto wa Kasa

(Hotuba kwa wanaojitolea kulinda viota, jioni kabla ya zamu ya kwanza ya msimu)

Ndugu zangu, habari za jioni.

Nimepewa nusu saa kabla hatujashuka ufukweni, na aliyenipa nafasi hii amenionya nisitumie neno "baiolojia" zaidi ya mara mbili. Hiyo ni ya kwanza.

Naanza na beseni.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii kama wengi wenu mlivyo leo, kiota kimoja kilifunguka saa tatu usiku. Nilikuwa peke yangu. Asubuhi yake kulikuwa na wageni waliopanga kuja kuona watoto wa kasa wakiingia baharini, nami nikaona niwafanyie hisani wote wawili, wageni na kasa. Nikachukua beseni la plastiki, nikawazoa wote waliokuwa wanatoka, wapata tisini na kitu, nikawafunika kwa kitambaa, nikakaa nao mpaka kukacha. Nilijiona mlinzi hasa. Hakuna kaa aliyewagusa.

Usiku kucha walikuwa wanakwangua. Kama hamjawahi kusikia sauti ile, ni kama manyunyu juu ya bati, haina kituo. Karibu na alfajiri ikaanza kupungua, na kufika saa kumi na mbili beseni lilikuwa kimya. Nikasema moyoni: wametulia, wamelala. Wageni wakaja jua likichomoza, tukawamwaga watoto taratibu mchangani, hatua chache tu kutoka majini, watu wakapiga makofi. Baadhi walitembea. Wengine walikaa pale pale kama mawe. Shakwe wakatokea, sijui nani aliwapa habari. Na kwa wale waliofanikiwa kuingia, tukaona maji yanaruka-ruka mahali ambapo mtu mzima angesimama yakamfika kiunoni. Mgeni mmoja akaniuliza, "Wale ni samaki wanacheza?" Nikamjibu ndiyo.

Walikuwa samaki kweli. Hawakuwa wanacheza.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu usiku ule nilimpokonya mtoto wa kasa kila alichokuwa nacho, na nikafanya hivyo kwa mapenzi. Mtazameni mtoto mwenyewe. Wa kasa wa kijani ana urefu wa sentimita 5 hivi, uzito kama gramu 25. Hana sumu. Gamba lake bado laini, na kichwa chake hawezi kukivuta ndani kama afanyavyo kobe wa nchi kavu. Mama yake yuko baharini, na hata wakikutana hawatajuana. Huyu mtu anatokaje hai? Jibu langu ni fupi: anatoka kwa wakati wake, na anatoka na wenzake. Beseni langu liliharibu wakati, na mwishowe likaharibu hata faida ya wenzake, kwa maana niliwamwaga wote mahali pamoja, mchana, wakiwa wamechoka.

Sasa tushuke chini ya mchanga, maana mambo yanaanzia huko.

Mama akimaliza kutaga hufukia shimo, kisha hurusha mchanga huku na huko kwa mapezi ya mbele mpaka eneo zima linavurugika na huwezi kusema mayai yako wapi hasa. Huo ndio ulinzi wake wote. Kwa kasa wa kijani na kwa duvi, yule kasa mwenye kichwa kikubwa, shimo moja huwa na mayai 100 hadi 120 kwa wastani. Yule kasa wa Australia mwenye mgongo bapa hutaga kama 50 tu, lakini watoto wake ni wakubwa zaidi, hata baadhi ya ndege wanashindwa kuwameza. Mayai hukaa siku 45 hadi 70 kutegemea joto la mchanga. Joto hilo hilo ndilo linaloamua nani awe jike na nani dume, lakini hiyo ni hadithi ya jioni nyingine.

Mtoto hupasua ganda kwa kichomozo kidogo kigumu kilicho kwenye ncha ya mdomo wake. Kutoka kwenye yai, hata hivyo, siyo kutoka nje. Kwanza amekunjika, maana alikuwa amejiviringa ndani ya duara. Mgongo unahitaji kunyooka. Tena tumboni bado kuna kiini cha yai kilichobaki, ambacho anakiingiza mwilini kidogo kidogo. Kikumbukeni hicho kiini. Ndicho chakula chake cha safari, hana kingine, nami nitakirudia tukifika majini.

Juu ya kichwa chake kuna nusu mita ya mchanga, na kwa watoto wa noa, kasa mkubwa kuliko wote, ni zaidi. Mwaka 1961 Archie Carr na Harold Hirth, Wamarekani wawili waliokuwa wakifuatilia kasa wa kijani, waliandika jinsi kazi ya kupanda inavyofanyika baada ya kuwatazama watoto kupitia kioo kilichowekwa ubavuni mwa kiota. Mayai yakishapasuka, maji yake yanazama na maganda yanajikunja, hivyo panabaki uwazi kidogo. Walio juu wanakwangua dari. Walio pembeni wanakwangua kuta. Mchanga unaodondoka unapenya katikati yao mpaka chini, na walio chini wanaukanyaga na kuushindilia, basi sakafu inapanda. Chumba kizima kinakwea na watu wake ndani. Hakuna msimamizi. Wakichoka wananyamaza wote, kimya kabisa, mpaka mmoja wa chini, aliyebanwa kuliko wengine, aanze kujipinda. Anamtikisa aliye juu yake, naye anamtikisa wa juu zaidi, na dakika hiyo wote wako kazini tena.

Carr na Hirth walijaribu pia kuzika mayai moja moja. Wengi wa watoto wale wapweke hawakufika juu. Waliozikwa kumi kumi walifika karibu wote. Methali ya umoja ni nguvu tumeichosha mikutanoni hata haina ladha, lakini chini ya mchanga ina vipimo: mwaka 2016 Mohd Uzair Rusli, David Booth na Juanita Joseph walichapisha matokeo ya kupima oksijeni inayotumiwa na watoto wakati wa kuchimba, wakaona kwamba kadiri kundi lilivyo kubwa ndivyo kila mmoja anavyotumia nguvu kidogo zaidi. Na nguvu isiyotumika mchangani ni kile kiini nilichowaambia. Kinabaki kwa ajili ya samaki. Namaanisha, kwa ajili ya kuwakimbia.

Kupanda huko huchukua siku 3 hadi 7. Wakikaribia juu, husimama. Hapo ndipo lilipo jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii.

Mchana, mchanga wa juu unachoma. Mtoto aliye mbele akikutana na joto hilo analegea, hasogei tena. Na kwa kuwa yeye na wenzake wa mbele ndio kizibo cha chupa, wote walio nyuma wanakwama. Nicholas Mrosovsky alilieleza jambo hili mwaka 1968: joto linawanyima mwendo. Jua likizama mchanga unapoa, kizibo kinazinduka, na ghafla chupa inamwagika. Hivyo wanatoka usiku, na wanatoka kwa pamoja, bila mmoja wao kujua kuna usiku wala kuna adui. Mpango mzima umeachiwa mchanga. Ndiyo maana pia mvua kubwa ya alasiri inaweza kuwadanganya wakatoka mchana, na siku hiyo ndege wanashiba.

Kabla ya kumwagika, mchanga wa juu hubonyea, ukafanya kama alama ya sahani iliyowekwa ikaondolewa. Mkiona alama hiyo leo usiku, kaeni mbali, kaeni chini, mnyamaze.

Halafu wanatokea. Kwanza kichwa kimoja na pezi moja, kimekaa tu, unafikiri kimekufa. Ukipepesa macho, ardhi inachemka. Sina neno jingine, inachemka kama sufuria, na kwa dakika chache mchanga wote ni mapezi.

Pale juu anayengoja zaidi ni kaa wa mchangani, yule mweupe mwenye macho ya vijiti. Nimemwona akifanya kazi yake kwa karibu sana. Hakimbizi. Anasimama mdomoni mwa shimo lake, mtoto akipita anamshika pezi la nyuma kwa gando, anaanza kumvuta kinyumenyume, na mtoto bado anapiga mapezi kuelekea baharini, anachora mistari mchangani inayorudi nyuma. Mistari inaishia shimoni. Usiku mmoja nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu, na sikupenda.

Lakini hesabuni. Kaa mwenye mmoja mkononi hana nafasi ya wa pili. Tuseme njiani kuna kaa sita. Watoto 100 wakipita kwa dakika tano, kaa watachukua sita, pengine kumi na mbili kwa yule mwenye tamaa ya kurudi. Watoto hao hao 100 wakitoka mmoja mmoja, kila usiku watatu, kaa sita wanawatosha wote. Kaa hakuongezeka wala hakupata nguvu, ila amepewa muda. Kasa wale wanaoitwa kigome wamelipeleka jambo hili mbali zaidi: kwenye fukwe chache duniani, kama Ostional huko Costa Rica na Gahirmatha huko Odisha nchini India, majike kwa maelfu mengi hutaga ndani ya siku chache, hivyo watoto nao hutoka kwa wimbi. Kila mla kasa wa pwani hiyo anakula mpaka anashindwa, na wengine wanapita.

Niseme ukweli pia kwamba wingi haumsaidii mtoto kwa kila adui. Mbweha, nguchiro, nguruwe mwitu, mbwa, rakuni, kenge: hawa hawangoji mtu atoke. Wanachimba. Akipata kiota amepata chote, na hapo mia moja ni karamu tu. Wavu wa chuma tunaoulaza juu ya viota ni kwa ajili yao, na matundu yake ni makubwa makusudi ili watoto wapite. Wapo watafiti waliotuonya kwamba chuma kinaweza kuvuruga sumaku ya dunia pale kiotani, jambo ambalo mtaona punde kwa nini lina maana kwa kasa. Pia wapo sisimizi, wanaoingia yai likipasuka kidogo tu, na siwapendi kuliko wote.

Mtashangaa ndege sijawataja sana. Ndege wamebebeshwa lawama na kamera. Kamera inataka mwanga, kwa hiyo filamu nyingi tulizokua nazo zinaonyesha watoto wakitoka mchana na ndege wakishuka kama mishale. Watu wanatoka pale wakiamini kwamba adui wa mtoto wa kasa yuko angani. Ndege ni adui, nisieleweke vibaya. Asubuhi kwenye fukwe za kigome utawaona kwa mamia. Ila watoto wengi hawaoni ndege hata mmoja katika mbio zao, kwa kuwa wamepita gizani. Yule niliyemfungulia mlango wa shakwe ni mtoto niliyemshika mimi mpaka asubuhi.

Sasa njia wanaijuaje? Jicho lao linatazama chini, karibu na upeo, kwa upana mkubwa. Wanaelekea upande wenye mwanga na ulio chini, wanaikimbia giza iliyoinuka, yaani miti na matuta ya mchanga nyuma yao. Kwa miaka yote kabla ya balbu, upande wenye mwanga ulikuwa bahari, kwa sababu maji hurudisha mwanga wa mbingu. Siku hizi upande wenye mwanga unaweza kuwa kibaraza. Mtoto anayefuata taa anaweza kuzunguka mchangani saa nzima, na saa hiyo moja ni kaa wangapi? Hata tochi yako ya kichwani ni jua dogo. Nimewahi kugeuza shingo tu niangalie saa, nikaona watoto kumi wakigeuka nami kama askari gwaride. Mwanga mwekundu una nafuu, lakini nafuu siyo ruhusa.

Tufike majini, ndipo kesi yenyewe ilipo.

Mtu akimwona mtoto amebebwa na wimbi la kwanza huvuta pumzi na kusema amefika. Hajafika. Mwaka 1994 Emma Gyuris alichapisha kazi aliyoifanya Heron Island, kwenye Mwamba Mkubwa wa Matumbawe wa Australia. Aliwafunga watoto wa kasa wa kijani uzi mwembamba wa nailoni, akawafuata mmoja mmoja wakiogelea kuvuka mwamba, akahesabu nani ameliwa. Kwa wastani asilimia 31 waliishia hapo hapo, katika maji mafupi kabla ya kufika kina. Ila huo wastani unaficha jambo zuri zaidi. Kuna mara ambapo hakuliwa hata mmoja, na mara ambapo waliliwa asilimia 85. Kilichobadilika ni maji na mwezi. Maji yakiwa yamejaa na mwezi ukiwa mwandamo, walipita. Maji yamekupwa na mwezi ni mpevu, chewa na wenzake walikula watakavyo. Sababu haihitaji shule: maji mafupi yanamweka mtoto karibu na mdomo, na mbalamwezi inamchora kivuli.

Huko Florida, Kelly Stewart na Jeanette Wyneken waliwafuata watoto wa duvi kwenye fukwe ambako viota vimetawanyika vyenyewe, wakakuta walioliwa karibu na ufuko ni kama asilimia 5. Halafu nchini Malaysia, nje ya maeneo ambako mayai yalikuwa yakikusanywa kwenye uzio wa kutotolea na watoto kuachiwa kila usiku, vipimo vikaonyesha hasara ya asilimia 40 hadi 60 katika saa mbili za kwanza. Tusiwasingizie waliofanya kazi ile. Bila uzio mayai yale yangechukuliwa yote. Samaki tu ndiye aliyejifunza. Ukimwaga chakula mahali pamoja kila siku, kwa saa ile ile, kuku wako wanakuja bila kuitwa. Chewa hana tofauti.

Kwa hiyo tukiachia watoto, leo tunaachia hapa, kesho mita mia kadhaa kule, keshokutwa kwingine, na saa tofauti. Hilo lina faida kuliko dawa yoyote.

Sasa nirudi kwenye kiini cha yai. Mtoto akishatoka mchangani anaingia katika hali ambayo naweza kuiita wazimu wa kuogelea. Kwa kasa wa kijani na duvi inadumu kama saa 24. Anapiga mapezi bila kupumzika, hali, hatafuti kujificha, shida yake ni moja: kuyaacha maji mafupi nyuma, maana huko ndiko walaji wake wamejazana. Kikiisha kile kiini na ile nguvu ya mwanzo, anapunguza mwendo, anaogelea mchana na kupumzika usiku.

Saa hiyo ya mbio haianzi akigusa maji. Inaanza anapotoka kiotani. Mnaona sasa kukwangua kwa beseni langu kulikuwa nini? Walikuwa wanaogelea. Walikuwa wanavuka mwamba, usiku kucha, ndani ya plastiki, na kimya cha alfajiri nilichokiita usingizi kilikuwa ni kufika mwisho wa safari wakiwa bado mikononi mwangu. Nilipowamwaga walikuwa na maili zote mbele yao na nguvu imebaki nyuma.

Hata humo majini kila ukoo una namna yake. Mtoto wa kasa wa kijani ana mgongo mweusi na tumbo jeupe: ndege akitazama kutoka juu anaona weusi wa kina, samaki akitazama kutoka chini anaona weupe wa anga. Yeye hutegemea kasi. Kasa aitwaye ng'amba amechagua ujanja. Mtoto wake hana pupa ile, huogelea polepole, na mara nyingi hutulia tu juu ya maji, mapezi ameyakunja, ukimwona unadhani ni kipande cha jani kinachoelea. Duvi ni wa hudhurungi juu na chini, rangi ambayo maana yake itaonekana akishafika mbali.

Na gizani majini, bila taa ya kumwongoza, anaendaje moja kwa moja? Kuzunguka huku na huko ndani ya maji mafupi ni kufa. Kwanza hufuata mawimbi, analikabili kila wimbi, kwa sababu karibu na pwani mawimbi huja yakitoka kilindini. Kenneth Lohmann na wenzake walimning'iniza mtoto wa kasa hewani, mkavu kabisa, wakamzungusha kwa mashine vile wimbi linavyomzungusha aliye majini. Yule mtoto hewani pale alipiga mapezi akijaribu kugeukia upande ambao "wimbi" linatoka. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Lohmann alionyesha kwamba watoto wa duvi wanahisi sumaku ya dunia: waliogelea upande mmoja gizani, na sumaku iliyowazunguka ilipogeuzwa kwa nyaya za umeme, nao wakageuka. Inavyoonekana, mwendo ule mfupi wa kutoka kiotani kuelekea majini na kukabili mawimbi ya mwanzo ndio unaotega dira hiyo. Mtoto anajua: baharini ni kule. Mawimbi yakitulia au yakibadilika, dira inaendelea.

Ndiyo maana nawasihi msiwabebe kuwapeleka majini. Najua inauma kumwona anahangaika kwenye alama ya mguu wako kama mtu aliyeanguka korongoni. Sawazisha mchanga mbele yake. Mashimo ya watoto waliocheza mchana, matuta ya magurudumu, fukieni hayo kabla ya jua kuzama. Lakini mwendo mwachieni mwenyewe.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Kwa kawaida tunasisitiza ile nusu ya kwanza.

Huko mbali nitapita haraka. Carr aliita kipindi kile mwaka uliopotea, kwa sababu mtoto akiondoka pwani hakuna aliyemwona tena mpaka awe na ukubwa wa sahani. Siku hizi tunajua ni miaka, siyo mwaka, na tunajua sehemu ya mahali wanapokaa. Katika Atlantiki wengi hujificha kwenye mwani wa hudhurungi unaoelea, unaoitwa sagasamu, na hapo rangi ya duvi ndipo inapopata kazi. Kate Mansfield na wenzake waliwafuatilia duvi wadogo kwa setilaiti, wakachapisha mwaka 2014. Kikwazo chao kikubwa kilikuwa gundi: gamba la mtoto linakua haraka, linabanduka, kifaa kinadondoka. Walichopaka mwisho kwenye gamba ili kifaa kishike ni ile akriliki ya kubandikia kucha za bandia saluni. Nawapenda watafiti wa namna hii.

Na wakiwa huko wanafanya jambo moja la busara ya mwili. Michael Salmon na mwenzake walipima watoto wa duvi na wa kasa wa kijani wakikua, wakakuta kwamba mwanzoni wanapanuka kuliko wanavyorefuka. Samaki humeza anachoweza kukipitisha mdomoni. Kila sentimita ya upana inawapunguza maadui wanaoweza kumla: leo huyu hawezi, mwezi ujao yule naye hawezi, mpaka mwishowe wanabaki papa na wachache wengine.

Mtaulizwa na wageni ni wangapi wanaofika utu uzima. Jibu linalozoeleka ni mmoja kati ya elfu moja, na hilo ni kisio la jumla tu, lisije likakufanya uhesabu vidole. Mimi huwajibu kwamba jike mmoja hutaga mara kadhaa kwa msimu, kwa miaka mingi, na kwa bahari kutopungua kasa anahitaji kuacha nyuma mtoto mmoja wa kike atakayetaga badala yake. Wengine wote ni chakula cha kaa, cha chewa, cha shakwe, na nao wana watoto wao. Haitupasi kumpiga kaa jiwe. Kazi yetu ni kuondoa yale tuliyoyaongeza sisi: taa, mbwa wetu, magari, mashimo, mabeseni.

Siku tatu baada ya kiota kufunguka tutakifukua kuhesabu maganda. Chini kabisa, katikati ya maganda, mara nyingi mtamkuta mmoja au wawili walio hai, waliochelewa, wamebaki bila wenzao wa kuchimba nao. Mtafurahi sana na mtataka kupiga picha. Mweke kwenye chombo chenye mchanga wenye unyevu, kivulini, kimya, bila maji, umfunike asione mwanga, na umwachie giza likiingia siku hiyo hiyo. Asikwangue. Ukisikia anakwangua, anatumia kitu ambacho huna cha kumrudishia. Huyo hana wenzake, basi angalau mpe wakati.

Nilikuwa na mengine, lakini saa naiona, na neno "baiolojia" nimebakiwa nalo moja, nitalitumia mwakani.

Zamu ya kwanza, kiota namba saba kimebonyea tangu jana magharibi. Maji yatajaa karibu na saa sita usiku, na mwezi hakuna. Simu zizimwe hapa hapa, siyo kule. Viatu vyeupe vueni. Tunapita chini kwenye mchanga uliolowa, mmoja nyuma ya mwingine, na aliye na beseni aliache mlangoni.